Mkataba Uliosainiwa na Shavu

Dada yangu alinunua laini yake ya kwanza akiwa amesimama. Alikwangua vocha, akaunga kifurushi cha kwanza alichokiona kwenye menyu, akaenda zake. Mimi si mtu wa hivyo. Kabla sijamiliki simu, tayari nilikuwa na daftari la simu. Ukurasa wa kushoto niliandika vifurushi, wa kulia niliandika mitego, na ukurasa wa kulia ndio uliojaa kwanza.

Siku ya kwenda kusajili laini, kijana wa dawati akaniuliza kwa ukarimu, "Kaka, unapiga sana au unachati sana?"

"Ndiyo simu yangu ya kwanza. Nitajuaje?"

"Basi chukua hiki hapa. Wengi wanachukua hiki."

Nikafungua daftari. Nikamuuliza maongezi wanayahesabu kwa sekunde au kwa dakika, maana kwa dakika, ukiongea dakika moja na sekunde moja, umeshalipia dakika mbili. Nikamuuliza kifurushi cha siku kinaisha baada ya saa 24 au kinaisha saa sita usiku, kwa sababu mtu akijiunga saa mbili usiku anaweza kujikuta amenunua siku yenye saa nne. Nikamuuliza data ikiisha inasimama, au inaanza kula salio la kawaida kwa bei ya nje ya kifurushi. Hapo kijana akaacha kuniangalia mimi, akawa anaangalia foleni iliyokuwa nyuma yangu. Foleni nayo ilikuwa inaniangalia mimi.

Nikachagua malipo ya kabla. Ya baada sikuyataka: unatumia mwezi mzima kwa raha zako, halafu ankara inakuja kukusimulia ulichofanya. Kwa malipo ya kabla, mtandao ukikula unakula kilichomo tu.

Nilipofika nyumbani nikakaa na simu mpya nikaanza kuzima vitu. Programu kujisasisha zenyewe kwa data, nikazima. Video kujicheza zenyewe ukipita tu, nikazima, kwa sababu saa moja ya video ya ubora wa juu inaweza kumeza hadi GB 3. Picha kujipakia mtandaoni usiku, nikazima. Nikazima hata ile huduma ya kutumia laini ukiwa nje ya nchi, maana niliwahi kusikia kwamba ukiwa karibu na mpaka, simu inaweza kudaka mnara wa nchi jirani ukalipia ugeni huku umekaa sebuleni kwako. Siishi karibu na mpaka wowote. Nikazima tu.

Kisha nikapiga hatua ya mwisho, ambayo hadi leo naona ilikuwa ya akili: nikazuia meseji zote zinazotoka kwenye namba fupi. Zile za "Hongera! Umechaguliwa!" Mtu asiyesoma chambo atanaswaje?

Kioo nacho nikakikinga. Nilinunua kile kioo cha juu cha kuzuia mikwaruzo, kinene, kizuri, kikafunika simu yote kuanzia juu hadi chini, pamoja na kale katundu kadogo kalikokuwa karibu na spika ya sikioni, ambako sikujua kazi yake.

Salio likaanza kupungua.

Lilikuwa linapungua kidogo tu, kiasi kilekile, alfajiri, kabla sijaamka. Nalala salio hili, naamka salio lile. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa mdogo wangu, kwa sababu ndiye wa kwanza kutuhumiwa kwa kila kitu nyumbani. Nikaanza kulala na simu ndani ya foronya. Salio likaendelea kupungua humohumo kwenye foronya, sikio langu likiwa juu yake.

Halafu kukatokea jambo la ajabu zaidi. Kifurushi kiliisha na salio likafika sifuri. Nikanunua vocha, na kama ilivyoandikwa kwenye daftari, nikazima data kabla ya kuiingiza, kwa sababu simu yenye data na isiyo na kifurushi huanza kutafuna vocha kabla hujapata hata nafasi ya kufungua menyu. Nikaingiza tarakimu moja moja. Nikaenda kuunga kifurushi. Salio halitoshi! Vocha ilikuwa imeshamegwa, tena donge kubwa kuliko la siku zote, data ikiwa imezimwa, mimi nikiwa nimeishika simu kwa mikono miwili.

Nikakaa na daftari nikapiga hesabu mpaka nikampata mwizi. Ni kopa.

Ndugu msomaji, kama hujui, meseji ya kawaida ina nafasi 160. Lakini ukitia kopa moja tu, yaani kale kamchoro ka moyo, au kile kiuso kinacholia kwa kicheko, simu inabadilisha namna ya kuziandika herufi zote, na nafasi zinashuka hadi 70. Ukizipita hizo, meseji inakatwa vipande vya 67, na kila kipande ni meseji inayojitegemea kwenye hesabu. Sasa mchumba wangu alikuwa mtu wa makopa. Nami nilikuwa namjibu kwa makopa, aya nzimanzima. Nikaona wazi pesa yangu ilikokuwa inakwenda.

Nikapiga marufuku. Akaandika, "Nimekukumbuka sana mpenzi wangu," na makopa mstari mzima. Nikajibu, "Pia."

Akauliza kama niko salama. Nikajibu, "Ndiyo."

Akauliza yuko nani pale.

Ilibidi nimpigie kumweleza habari za 160 na 70. Nikamwambia kwamba meseji ya kwanza kabisa duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na mhandisi mmoja aitwaye Neil Papworth, akimtakia mwenzake heri ya Krismasi kwa herufi 15 tu ukihesabu na nafasi, bila kopa hata moja, na ujumbe ulifika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi nenda kachumbiane na huyo mhandisi wako," akakata.

Wakati huohuo watu wengine nao walikuwa wamebadilika. Mwenye nyumba alinipigia, nikapokea kwa heshima zote, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ujumbe wako nimeupata."

"Ujumbe gani mzee?"

"Nimeupata," akasema, akakata.

Rafiki yangu mmoja alikuwa akinipigia mara kwa mara, na nikipokea ananung'unika: "Usiwe unapokea haraka hivyo bwana." Nilidhani ananionea huruma na kazi. Bosi ndiye aliyenitisha. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akavua miwani. "Nikuulize kitu, na unijibu kiume. Mimi na wewe tuna ugomvi?"

Nikaapa hatuna. Akaniambia nirudi kwenye meza yangu, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika.

Jumamosi moja nikaamka siioni simu. Nilikuwa nimeihamisha kutoka kwenye foronya, kwa usalama zaidi, na mahali nilipoihamishia nikapasahau. Nikaazima ya dada nijipigie. Badala ya ule mlio wa kuita, kikanilipukia kinanda, ngoma, na mwanamke mwenye sauti ya kujiamini anampasha mwenzake. Alikuwa anamwambia kwamba donge alilonalo rohoni ni la kwake mwenyewe, kwamba asiyependa kuona wenzake wakipendeza ahame mtaa, na mwenye la kusema asipige simu, aje uso kwa uso.

Nikakata. Nikahakikisha namba, tarakimu kwa tarakimu. Nikapiga tena. Ahame mtaa.

Dada alikuwa ameshaketi chini kwa kucheka. "Si wimbo wako huo! Sote tunausikia. Tulijua una ugomvi na mtu."

"Na kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Nani amwambie mtu mwenye daftari?"

Huduma yenyewe ndivyo ilivyo. Wimbo unamwendea anayekupigia. Wewe mwenyewe simu yako inaita kama kawaida. Kwa hiyo nilikuwa nimegharamia ngoma, wageni wote wameingia, mimi peke yangu nimefungiwa nje. Nikamkumbuka mwenye nyumba, ambaye hunipigia kwa jambo moja tu la kila mwisho wa mwezi, akisimama na simu sikioni akiambiwa asipige, aje uso kwa uso.

Simu ilipatikana, ilikuwa ndani ya kiatu. Nikafungua kapu la meseji nilizozizuia, na humo kesi nzima ikajieleza yenyewe. "Hongera! Umejiunga na wimbo wako. Siku za mwanzo ni bure." Halafu, "Huduma yako itajirudia yenyewe kila siku." Halafu, "Kujiondoa tuma neno ONDOA." Halafu mfululizo wa "Huduma imehuishwa, asante", kila alfajiri. Na zile siku ambazo salio lilikuwa sifuri, "Salio halitoshi, tutajaribu tena", ndiyo kusema deni lilikuwa linakaa mlangoni likisubiri vocha yangu.

Tarehe ya kujiunga ilikuwa ile siku niliyompigia mama mdogo. Huo wimbo ni wake. Anao kwenye simu yake tangu alipokosana na jirani kuhusu uzio, na juu ya wimbo kuna sauti hupenyeza maneno: ukiupenda, bonyeza nyota. Mama mdogo huchelewa kupokea. Nilikuwa nimeibana simu kati ya bega na shavu, mikono ikiandika kwenye daftari. Kale katundu ka juu ya kioo, kumbe, ndiko kanakohisi uso umekaribia kakazima skrini, na mimi nilikuwa nimekaziba. Skrini ikabaki inawaka. Shavu likafungua vitufe, shavu likabonyeza nyota. Masharti yote ya mtandao nilikuwa nimeyasoma mimi, mkataba likaenda kuusaini shavu.

Nikaingia kwenye menyu ya kujiondoa. Mtu makini husoma chaguo zote kabla ya kubonyeza, na menyu zile hazimsubiri mtu makini. Nimefika chaguo la nne, "Muda umekwisha." Nikaingia tena, nikaanzia nilipoishia, kumbe ukurasa wa pili una mengine. "Muda umekwisha." Nikapiga huduma kwa wateja. Wakaniweka kwenye foleni na kunipigia muziki, nikaukata upesi, sikutaka kuwa karibu na muziki wowote. Nikapiga tena nikiwa nimeinyoosha simu mbali na uso kwa urefu wa mkono mzima.

"Kaka, mfumo unaonyesha ulijiunga mwenyewe kwa kubonyeza nyota."

"Sikubonyeza mimi, dada."

"Mfumo unaonyesha ni kutoka kwenye simu yako."

"Ni shavu."

Kimya. Kisha, kwa upole wa mtu aliyefunzwa kazi: "Shavu la nani, kaka?"

Akanishauri nitume lile neno. Nikaketi nikaandika kiungwana, "Habari za leo. Naomba tafadhali mniondolee huduma ya wimbo niliyounganishwa kwa bahati mbaya. Natanguliza shukrani." Jibu likaja hapohapo: neno ulilotuma si sahihi. Nikapunguza heshima, nikaandika "Naomba ONDOA". Si sahihi. Nikaandika "ONDOA." na nukta, maana sentensi haiachwi wazi. Si sahihi. Ilinigharimu sana kumwandikia mtu nisiyemjua neno moja kavu, bila salamu wala nukta, lakini nikaliandika, na wimbo ukatoka.

Bosi nilimpigia nikamwomba akate kisha anipigie, asikilize. Akasikiliza mlio mtupu. "Sasa sawa," akasema, na siku iliyofuata akanipa kazi ya kuwachagulia wafanyakazi wote vifurushi. Mchumba nilimtumia makopa sabini na bei nikaibeba. Mwenye nyumba hakupiga tena, alikuwa ameshika agizo: alikuja uso kwa uso.

Jioni akapiga mama mdogo. Hakunisalimia.

"Wimbo wetu umeutoa kwa nini?"

"Mama, ule wimbo..."

"Mwanangu, ukoo mzima ni wewe peke yako uliyesimama upande wangu kwenye habari ya uzio. Nimewaambia watu: kijana yule hasemi, lakini mpigieni tu mtamsikia. Leo nakupigia nakuta kruu, kruu. Jirani amekupa nini?"

Nikajitetea kwamba salio lilikuwa halitoshi. Nilidhani nimepata njia ya kutokea.

"Lo! Ungesema mapema. Basi usihangaike, kuna sehemu ya kumtumia mtu zawadi, nimeshabonyeza hapa. Mwezi wa kwanza nalipa mimi."

Simu ikatetemeka mkononi, shavu langu likiwa mbali kabisa. "Hongera!"