Uhuru wa kusema ni wa mpiga kura au ni wa kila mtu?

Wengi tukiulizwa kwa nini uhuru wa kujieleza ulindwe tunajibu fasta tu, kwa sababu ya demokrasia, imeisha hiyo. Ila jibu hilo ukilibana linaanza kuyumba. Mchukue Alexander Meiklejohn, mwanafalsafa wa Marekani, 1948 alitumia mfano wa mkutano wa mji: wananchi wamekaa, kuna mwenyekiti, kuna ajenda, ukitoka nje ya mada unakatizwa, ukileta fujo unatolewa. Kwake cha msingi siyo kila mtu aongee, ni kila hoja ya maana isikike ili wapiga kura waamue wakiwa wanajua.

Kiukweli hoja ina nguvu, mana ndo inaeleza kwa nini serikali haitakiwi kuficha madudu yake, mwenye nchi ni mpiga kura na yeye ndo anayepaswa kuona kila kitu.

Sasa shida ni yule mwenyekiti. Mkutanoni anaonekana na mnaweza kumbadilisha, ila kwenye nchi nzima kile kiti anakikalia nani? Mara nyingi ni serikali, yani yule yule anayesemwa! Halafu mashairi na vichekesho vinalindwa na nini kama havihusu kura? 1961 Meiklejohn akaja kuongeza kwamba sanaa na fasihi nazo zinamjenga mpiga kura, mi naona hapo alikuwa anaziba pancha tu.

Ronald Dworkin, mwanafalsafa wa sheria wa Marekani, akapita njia nyingine: sheria inanibana hata mimi niliyeipinga kwa sababu nilipata nafasi ya kuipinga, ukinifunga mdomo kwanza halafu unataka nitii, huo ni ubabe. Hapo hata mropokaji analindwa. Jeremy Waldron, naye mwanafalsafa wa sheria, hakubali, anasema maneno ya chuki yanamvua mtu wa kundi dogo heshima yake kama raia mwenzenu, na mtu wa hivyo hata akipewa maiki ataongea na nani? Ujerumani kuchochea chuki dhidi ya kundi la watu ni jinai, wakati Marekani tangu kesi ya Brandenburg iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu yao 1969 hawakugusi mpaka uwe unachochea uvunjaji sheria wa papo hapo na unaoelekea kutokea kweli.

Mi niko na Dworkin, ila shingo upande, mana swali la Waldron bado halijajibiwa. Kama lazima sheria ya chuki iwepo basi iandikwe kwa ufinyu, iamuliwe na mahakama isiyopigiwa simu na mtu, na waziri aliyetukanwa asiruhusiwe kujiita kundi dogo.