Neno geni, kitu kigeni: mtoto abebe ugeni kiasi gani kwa mkupuo mmoja?

Walimu wa chekechea na waandishi wa vitabu vya watoto huambiwa mara kwa mara kwamba mtoto afundishwe maneno kupitia mambo ya kwao, kwani asichokijua hakimkai kichwani. Wapo wanaopinga: mtoto huvutwa na kipya, na kitabu kinachomrudisha nyumbani kila ukurasa kinampunja. Pande zote mbili zina majaribio ya kuaminika. Kinachozifanya zisielewane ni neno "mazoea", ambalo hubeba mambo matatu yasiyofanana: kukizoea kitu chenyewe, kuijua nyanja kinamotoka, na kuizoea namna ya kufundishwa.

Tuanze na kitu. Mtoto anaposikia neno jipya ana kazi mbili: kung'amua linataja nini, kisha kulitunza. Ya kwanza huiweza mapema mno, na ndiyo inayowahadaa watu wazima. Mwaka 2008 Jessica Horst na Larissa Samuelson walionyesha kwamba watoto wa miezi 24 wakiwekewa vitu wanavyovijua pamoja na kimoja wasichokijua, kisha wakasikia jina geni, huchagua kile kigeni bila taabu. Dakika 5 baadaye jina limeshawatoka. Mwaka 2012 Sarah Kucker na Samuelson waliongeza hatua moja: watoto waliopata nafasi ya kuvizoea vitu kabla ya kutajiwa majina walikumbuka vizuri zaidi, ilhali kusikilizishwa majina matupu mapema hakukusaidia. Basi kitu kitangulie, kikae mkononi mwa mtoto dakika moja au mbili, ndipo jina lije. Anayekitoa kitu na kukitaja papo hapo anamtaka mtoto akague umbo, rangi, matumizi na sauti ya neno kwa pamoja, na kinachodondoka kwa kawaida ni neno.

Utamaduni unaingia kwa uzito wake kwenye nyanja. Mtoto anayejua kiota, kutaga na kinda akisikia "kuatamia" ana mahali pa kulitundika neno hilo. Asiyejua kiota ni nini inambidi ajenge ukuta kabla ya kupigilia msumari. Mwaka 2015 Tanya Kaefer, Susan Neuman na Ashley Pinkham walilinganisha watoto wa chekechea wa Marekani kutoka familia za kipato cha chini na cha kati. Kwa kitabu cha ndege, watoto wa kipato cha kati, ambao tayari walijua mengi kuhusu ndege, walijifunza maneno zaidi na kuelewa zaidi. Walipoletewa viumbe vya kubuni ambavyo hakuna aliyewahi kuvisikia, tofauti ilitoweka. Kila upande huyatumia matokeo haya kujitetea, lakini mimi nayasoma hivi: uwezo wa kujifunza haukupishana, akiba ndiyo iliyopishana. Na akiba huongezwa.

Watetezi wa kipya nao wana hoja nzito. Deena Weisberg na wenzake (2015) waliwasomea watoto hadithi za uhalisia na hadithi za ajabu, zikifundisha maneno ya kiwango kimoja. Walipotakiwa kueleza maana, watoto walifanya vizuri zaidi kwa maneno ya hadithi za ajabu. Aimee Stahl na Lisa Feigenson (2017) walikuta kwamba watoto wa miaka 3 hadi 6 hujifunza neno vizuri zaidi baada ya kuona tukio linalovunja matarajio yao kuliko tukio la kawaida. Ila tazama vizuri: mshangao unahitaji matarajio, na matarajio ni mazoea. Mtoto asiyejua kwamba kitu kikifichwa hapa hakiibukii pale hana cha kushangaa. Kwa hiyo ushahidi huu, unaotajwa kama pigo kwa mazoea, kwa sehemu kubwa unayategemea.

Yako pia mazoea yanayozuia. Ellen Markman na Gwyn Wachtel (1988) walionyesha kwamba watoto wa miaka 3 hivi husita kukipa kitu jina la pili. Mwonyeshe mtoto paka na kusema "mnyama", naye anaweza kukujibu kwa uhakika kabisa kwamba huyo si mnyama, ni paka. Kosa hapa ni la mfundishaji aliyetumia mfano mmoja. Weka paka, ng'ombe na kondoo pamoja, kisha useme "hawa wote ni wanyama", na neno linapata nafasi yake. Kwa majina ya sehemu, kusita huko ni msaada: anayejua "mkono" akionyeshwa na kuambiwa "kiganja" hutafuta sehemu ambayo bado haina jina. Watoto wanaokua na lugha kadhaa wanaweza kutofautiana katika hili. Krista Byers-Heinlein na Janet Werker (2009) walikuta kwamba watoto wa miezi 17 na 18 wanaosikia lugha tatu hawakuonyesha kusita huko kama wanaosikia lugha moja.

Mazoea ya tatu, yaani namna ya kufundishwa, ndiyo yanayosahaulika zaidi, na madhara yake huonekana siku ya kupima. Kumuuliza mtoto "hiki ni nini?" wakati muulizaji anajua jibu ni desturi ya baadhi ya jamii, si maumbile ya watoto wote. Asiyeizoea hukaa kimya na kuandikiwa sifuri. Afadhali kumwambia "nipe" au "nionyeshe". Picha nazo zina mtego wake: kwenye karatasi ya picha nne, kubahatisha tu kunampa 25%, na ikiwa tatu anazijua na moja ni ngeni, atapatia kwa kuondoa zile tatu bila kujua neno. Ugeni wa picha zote uwe sawa. Kipimo nacho kinapaswa kufuata mazoea ya mtoto na ya nyumbani kwao, ndiyo maana fomu za MacArthur-Bates, ambazo mzazi hutumia kueleza maneno anayoyajua mtoto, hazitafsiriwi neno kwa neno. Kwa Kiswahili na Kigiriama, Katherine Alcock na wenzake walilazimika kuziunda upya na kuwahoji wazazi kwa mdomo, kwa kuwa wengi hawakuwa wasomaji.

Kwa anayepanga somo, uamuzi wangu ni huu: ugeni uwe wa upande mmoja kwa wakati mmoja. Neno likiwa geni, hadithi na kitu viwe vimezoeleka. Dunia ya hadithi ikiwa ngeni, maneno yake mengi yawe ya kila siku. Na mazoea yasiyokuwepo yatengenezwe. Horst na wenzake (2011) walikuta watoto wa miaka 3 wakijifunza maneno mengi zaidi kwa kusomewa hadithi zilezile kwa kurudiwa kuliko hadithi mbalimbali zenye maneno hayohayo kwa idadi ileile ya kusikika. Chagua maneno manne au matano, usome kitabu kilekile mara tatu au nne ndani ya wiki, kila neno ukilieleza kwa sentensi moja fupi pale linapotokea. Maelezo marefu hukata uzi wa hadithi, na mtoto akishaupoteza hasikilizi tena. Usipime hapo hapo. Pima kesho yake, kwa mfano mwingine wa kitu hicho, wenye rangi na ukubwa tofauti na ule wa kitabuni.