T480 au EliteBook 840 G5? Chukua ile inayofunguka

Ukizunguka maduka ya kompyuta za mtumba mjini Zanzibar, kuanzia Darajani hadi Mlandege, utazikuta laptopu mbili zimewekwa kaunta moja: ThinkPad T480 ya Lenovo na HP EliteBook 840 G5. Zote zilitoka mwaka 2018, zote inchi 14, zote kwa kawaida zinatumia prosesa za Intel za kizazi cha 8. Muuzaji atakwambia Core i5, RAM 8, diski ya SSD, na kwa maneno hayo zitaonekana pacha. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayasemi lolote kuhusu yanayoziua kompyuta visiwani kwetu, yaani umeme, chumvi na ukosefu wa vipuri. Ukizipima kwa hayo matatu, kwa mtu wa ofisi, mhasibu, mwalimu au mwenye duka, mimi nasema T480, na sioni kama zinakaribiana.

Nianze na umeme. Wa kwetu unavuka bahari: Unguja unaingia kwa waya unaotoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba unaingia kutoka Tanga. Njia ya Unguja ilipoharibika Disemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme hadi Machi 2010. Sasa hali si hiyo, lakini nani anayefanya kazi hapa asiyejua kukatikiwa katikati ya ripoti?

T480 ina betri mbili. Moja iko ndani, Wh 24 (wati-saa, kipimo cha uwezo wa betri), na nyingine inachomekwa kwa nyuma, ambayo inaweza kuwa ya Wh 24 au ile nene ya Wh 72. G5 ina moja tu, ya ndani, Wh 50. Kazi za Word, Excel na barua pepe hula wati 8 hivi. Kwa hiyo T480 yenye betri nene, jumla Wh 96, ikiwa mpya inakupa saa 12, na G5 inakupa saa 6. Mtumba si mpya. Zikibaki na asilimia 70 ya uwezo, ya kwanza itakwenda saa 8 na ya pili saa 4 na kidogo. Tena betri ya nyuma ya T480 unaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine, maana ile ya ndani inaishikilia. Kuibadilisha hakuhitaji fundi, ni vifungio vya chini tu unavisukuma. Angalia namba unaponunua: T470 na T480 zinatumia betri za familia ya 61, na za T440 hadi T460 ni familia ya 68. Kwa macho zinafanana, lakini haziingiliani.

Usichanganye pia T480 na T480s. Hiyo yenye herufi ya mwisho ni nyembamba na nzuri kubeba, ila haina betri ya nje, na sehemu ya RAM yake imelehemiwa kwenye madabodi. Karibu kila sifa ninayoitaja hapa haiihusu.

La pili ni kibodi, na hapa ndipo ninaposimama kabisa. Kibodi ndicho kinachokufa kwanza huku. Jasho la mikono, unyevu wa masika, chai ya sukari iliyomwagika, kisha sisimizi wakaifuata. Zaidi ya hayo, mashine nyingi za mtumba zinatoka Ulaya, zikiwa na kibodi cha Kijerumani ambacho Z na Y zimebadilishana nafasi, au cha Kifaransa ambacho A imekaa penye Q. Stika za herufi zinabanduka mapema, hasa kwenye herufi A, ambayo Kiswahili kinaigonga kuliko zote.

Kwenye T480 kibodi kinatoka kwa juu. Unaingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), unazima betri ya ndani kwenye Config, Power, Disable built-in battery, unachomoa ya nje, unalegeza skrubu zinazokishika, unakisogeza, unakiinua, unachomoa nyaya zake bapa taratibu. Mtu mtulivu mwenye bisibisi nzuri anamaliza ndani ya nusu saa. Kwenye G5 kibodi kimefungwa kutoka chini, kwa hiyo fundi anavunja mashine karibu nzima, madabodi ikiwemo, ndipo akifikie. Kila anapochomoa waya mwembamba kuna uwezekano wa kuukata. Gharama unayolipa hapo ni ya mikono yake, kibodi chenyewe ni sehemu ndogo tu.

Ganda la G5 ni la alumini, na dukani ndilo linalovutia macho. Ni imara kweli, halibonyei ukilikamata kwa kona. Lakini likichunika pembeni, pale kiganja kinapolala, jasho na hewa ya bahari huanza kulitoboa vidoadoa. Halafu kuna kero ya soketi zisizo na waya wa ardhi: ukichaji, unahisi sisimko dogo ukigusa chuma. Hiyo ni dalili kwamba soketi yako haina ardhi, na inafaa irekebishwe hata kama huna kompyuta. T480 ni plastiki ngumu nyeusi, ina sura ya kazi tu, na chumvi haina la kuila hapo.

T480 nayo ina ugonjwa wake, tena mbaya. Haina tundu la duara la chaja, inachaji kwa USB-C peke yake. Matundu yake yote mawili yanachaji, lakini yamelehemiwa kwenye madabodi, na waya ukivutwa ovyo yanalegea. Tumia waya wenye kichwa cha pembe, usiwahi kuinyanyua ikiwa imechomekwa. G5 ina tundu la duara na USB-C pia, kwa hiyo likifa moja linabaki jingine. Kasoro ya pili ni programu ya ndani ya Thunderbolt, yaani moja ya yale matundu mawili ya USB-C: ikiwa haijasasishwa, tundu hilo na hata HDMI vinaweza kuacha kufanya kazi. Lenovo walitoa sasisho, basi liweke siku hiyohiyo ya kununua.

Kioo nacho kikague. T480 nyingi zina kioo cha 1366 kwa 768, rangi zinapauka ukiinamisha kidogo. Tafuta ya 1920 kwa 1080, au nunua kioo chenyewe baadaye, kwani viwili hivyo vinatumia kiunganishi cha pini 30. Kwa sauti G5 inashinda wazi: spika zake ziko juu, za T480 ziko chini na zinanong'ona. Kama siku yako nzima ni mikutano ya video na wateja wa hoteli, na una fundi unayemwamini, nitakuelewa ukichukua G5.

Kabla ya kutoa pesa, iwe ipi, fanya haya palepale kaunta. Washa na uingie BIOS, F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache, maana hilo halifutwi kwa kuchomoa betri ndogo ya madabodi. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri (Command Prompt), ulinganishe uwezo wa kiwandani na uliobaki. Fungua jina la prosesa: ianze na 8, mfano i5-8250U au i5-8350U. Ikianza na 7, ni prosesa ya kizazi cha 7, ambayo Windows 11 haiikubali rasmi, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mwisho, mwombe muuzaji aiweke Windows upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikidai barua pepe ya kampuni fulani ya Ulaya, mashine hiyo bado ina mwenyewe. Na kama unarudi nayo Wete au Mkoani kule Pemba, nunua na kibodi cha akiba papo hapo mjini.