Bosi Ashika Usukani

Ukiishi mwaka mzima kwenye trela, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, pamoja na mbwa wawili, hakuna safari ya siri. Bosi, mwenye kilo 38, huanza kulalama nikikunja tu kiti cha nje. Karani ana kilo 6 na humfuata Bosi kwa kila jambo bila kuuliza. Jina alilipata hivyo.

Siku ya kuhama nawafunga mita kumi hivi kutoka kwenye trela, kwenye kile kigingi cha chuma kinachosokotwa ardhini. Wasikae karibu. Kichwa cha trela hutua kwenye mpira wa kuvutia (tufe la chuma nyuma ya gari) na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela zima, na mguu wa mbwa hauwezi kubishana na hilo. Wawe wamekula muda wa saa nne kabla ya safari, maana tumbo lililojaa na kona za barabara havipatani.

Maji taka natoa tangi la choo kwanza, la sinki na bafu baadaye, ili haya ya pili yasuuze bomba. Nafunga gesi, nachomoa umeme, nakunja mpira wa maji na kuusukumia chini kabisa ya sanduku. Jeki za pembeni juu, ngazi ndani. Kichwa kikishanasa natia pini, kisha nainua jeki ya mbele kidogo: nyuma ya gari ikipanda pamoja na trela, kimeshika kweli. Minyororo inapishana chini yake, na waya wa breki ya dharura, ule unaofunga breki za trela likichomoka, naufunga kwenye gari lenyewe, peke yake, si kwenye minyororo. Plagi ya taa, basi. Kabari za magurudumu haziguswi. Hizo hutoka mwisho, na siku hiyo nilizishukuru kama ndugu wa damu.

Jua lilikuwa kali. Gari lililozimwa juani hupanda joto kama nyuzi 10 kwa dakika 10 tu, kwa hiyo niliwasha injini na kiyoyozi, nikawapandisha kiti cha nyuma, kila mmoja na mkanda wake wa kifuani uliochomekwa penye mkanda wa abiria. Nikawasha taa zote za tahadhari, nikafunga milango bila kutia kufuli, nikaenda nyuma kukagua.

Kushoto inawaka na kuzima, kulia vilevile. Kisha taa za breki nazo zikawaka, nyekundu, pande zote mbili. Nikafurahi, kwa sababu kwa kawaida huwa natafuta mtu wa kunikanyagia. Halafu nikajiuliza ni nani aliyekanyaga.

Pale unapochomeka mkanda pana kitufe chekundu. Mbwa akikikalia, mkanda unafyatuka. Ni bora kutumia kamba inayofungwa kwenye vyuma vya kushikia kiti cha mtoto, ambavyo havina kitufe. Bosi alikikalia chake, akakanyaga cha Karani, akapenya kati ya viti, mguu mmoja ukateleza hadi kwenye breki. Gia ilikuwa P, ile ya kuegesha, na gari la otomatiki halitoki P mpaka breki ikanyagwe. Breki ilikuwa imekanyagwa. Kilichobaki ni kidole gumba cha kubonyeza kwenye gia, na hicho, alhamdulillahi, hakupewa.

Nilifika mlangoni mguu wake unatua pale dereva anapoegemeza mkono. Tak! Milango yote minne ikajitia kufuli. Ufunguo ndani, kiyoyozi kinapuliza, mbwa wametulia kwenye ubaridi. Mwenye jasho ni mimi.

Katika hali hii usigonge kioo. Mbwa hudhani ni mchezo, na huyu alirukaruka hadi akaegemea honi. Kambi nzima ikaja.

“Shikamoo, mzee,” nikamwamkia jirani wa trela la pili.

“Marahaba, mwanangu. Mnaondoka?”

“Tulikuwa tunaondoka.”

“Naona dereva yuko tayari.”

Dawa ni kumfanya mbwa akanyage tena, ila mahali pengine. Swichi za madirisha ziko palepale mlangoni. Ukizibonyeza, kioo kinashuka. Kukipandisha sharti uivute swichi kwa kidole, kwa hiyo mbwa anaweza kufungua tu. (Magari mengine ya zamani yana swichi inayopandisha kioo kwa kukanyagwa. Humo usimwache mbwa na ufunguo hata dakika moja. Kioo kinaweza kumbana shingo.) Mzee akaleta soseji. Nikaipitisha polepole juu ya kioo, pua ya Bosi ikaifuata, na miguu ikafuata pua. Dirisha likashuka.

La nyuma. Kwenye gari langu kitufe cha kuzuia madirisha ya watoto huzima swichi za nyuma tu. Dereva hubaki na madaraka yote, na dereva alikuwa Bosi. Karani akaruka nje, moja kwa moja hadi pale bomba la maji taka lilipochomolewa, ambapo siku zote hubaki kidimbwi. Akajigaragaza upande mmoja, kisha wa pili, kwa utaratibu wa ofisi.

Nikatia mkono nikavuta kitasa cha ndani. Kufuli ya watoto! Ikabidi niingie dirishani kichwa mbele. Miguu ingali inaning'inia nje, nikasikia sauti ya mgeni aliyefika asubuhi ile: “Samahani kaka, hilo gari ni lako?” Bosi akanilamba sikio, na sijui kama huo ulihesabiwa kuwa ushahidi.

Kumwosha Karani kulidai mpira wa maji, ule wa chini kabisa ya sanduku. Nilipokuwa nafukua, mzee alimpa Bosi soseji zilizobaki, “kwa kazi nzuri.” Kabari zikatoka, tukaondoka. Kwenye kona ya kwanza soseji zilirudi zote, zikajaa pale penye kitufe chekundu, ambacho sasa hakifyatuki hata nikikibonyeza kwa nyundo.