Faradi nyingi kwa gramu, lakini gramu ngapi?

Karibu superkapasita zote zilizoko sokoni, yaani vifaa vinavyotunza umeme na kuchajiwa haraka, zina elektrodi (sehemu zinazoshika chaji) za kaboni. Kaboni hiyo hubeba faradi (kipimo cha uwezo wa kutunza chaji) mia moja hadi mia mbili hivi kwa gramu, si nyingi, lakini huchajiwa na kutumiwa mara laki kadhaa bila kuchoka. Wanaotaka nishati zaidi wamegeukia vitu vinavyotunza chaji kwa mmenyuko wa kikemia: oksidi za metali, polima zinazopitisha umeme, na siku hizi mchanganyiko wa hivyo viwili.

Hoja ya kuvichanganya ina mashiko. Oksidi ya manganizi ni ya bei nafuu, na kwa hesabu za kikemia gramu yake moja ingefika faradi 1,370 hivi. Ila umeme hupita ndani yake kwa shida, hivyo kinachofanya kazi ni ngozi yake ya juu tu. Oksidi ya rutheni haina kasoro hiyo, lakini nani atamudu bei ya rutheni? Polianilini, mojawapo ya polima hizo, nayo hupitisha umeme vizuri, tatizo ni kwamba ayoni (chembe zenye chaji) zikiingia huvimba na zikitoka husinyaa, mpaka inapasuka. Vikikaa pamoja, polima inapeleka umeme kwenye chembe za oksidi, na oksidi inaishikilia polima isitawanyike.

Hata utengenezaji wake unavutia. Changanya pamanganeti ya potasiamu na piroli ndani ya maji: pamanganeti inaziunganisha molekuli za piroli kuwa polima, na yenyewe inageuka oksidi ya manganizi. Rangi ya zambarau inapotea, linabaki tope jeusi lenye vyote viwili.

Lakini ndoa hii ina ugomvi ambao ripoti nyingi huupitia juujuu. Polianilini inahitaji asidi ili ifanye kazi sawasawa, na asidi ndiyo inayoimomonyoa oksidi ya manganizi. Ukihamia kwenye maji ya chumvi yasiyo na asidi, oksidi inapona, polianilini inazubaa. Ndiyo maana polipiroli, ile polima ya piroli, isiyodai asidi kiasi hicho, naiona mwenzi bora.

Halafu kuna vipimo. Faradi kwa gramu hupaa pale elektrodi inapokuwa utando usiofika hata miligramu moja kwa sentimita ya mraba. Elektrodi ya kibiashara hubeba takribani kumi. Watafiti Yury Gogotsi na Patrice Simon walilionya hili katika jarida la Science mwaka 2011, na bado tunaletewa tarakimu zilezile za kung'aa. Isitoshe, ukiunganisha elektrodi mbili zinazofanana, kifaa kizima hubaki na robo tu ya faradi kwa gramu zilizotangazwa.

Kinachonipa mashaka zaidi ni volti. Nishati hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Kaboni ndani ya elektroliti ya kikaboni, yaani kimiminika kisicho maji kinachobeba ayoni, hufanya kazi kwa volti 2.7, michanganyiko hii ndani ya maji mara nyingi huishia volti moja hivi. Pengo hilo peke yake ni zaidi ya mara saba, na linameza faida yote ya faradi.

Kwa hiyo sitarajii mchanganyiko uiondoe kaboni. Ningeweka dau kwenye kifaa cha elektrodi mbili tofauti: mchanganyiko upande chanya, kaboni upande hasi. Kwa oksidi ya manganizi mpangilio huo umeshafikisha volti mbili hivi ndani ya maji. Hapo pengo linashuka chini ya mara mbili, faradi za ziada zinaanza kuwa na maana, na swali linalobaki ni kama polima itahimili mizunguko.