Bodoni Haifai kwa Kijitabu cha Tenzi

Kijitabu cha tenzi kilichogawiwa hapa Lamu wakati wa Maulidi kimeniudhi, na siwezi kunyamaza.

Kimepangwa kwa fonti ya Bodoni, saizi ya 9, kisha kikatolewa fotokopi. Aliyekipanga alitaka kipendeze, na kwenye skrini bila shaka kilipendeza. Lakini uzuri wote wa Bodoni uko kwenye tofauti ya mistari yake: wa wima mnene, wa kuunganisha mwembamba mno. Fotokopi haiushiki ule mwembamba. Kinachobaki ni nguzo za wima: n ina mbili, u mbili, m tatu. Na Kiswahili kimejaa n, u na m! Neno "mnunuzi" limesimama kama boriti za mikoko zilizoegemezwa ukutani, hujui herufi moja inaishia wapi.

Shangazi yangu alikitazama, akanirudishia. "Nisomee wewe mwanangu, macho yangu yamekwisha." Hayajakwisha. Kila alfajiri anasoma msahafu wake bila miwani. Inaniuma kwamba mtu aliyezijua tenzi hizi tangu utotoni amefanywa aamini kasoro ni yake.

Giambattista Bodoni mwenyewe hakukusudia haya. Alipoanza kusimamia matbaa ya mtawala wa Parma, Italia, mwaka 1768, alikuwa na wino mzuri na karatasi nzuri, na vitabu vyake vikubwa vina pambizo pana. Nakubali, kwenye kadi ya harusi, majina ya maharusi yakiandikwa makubwa, Bodoni inapendeza. Hapo tu.

Kwa tenzi ningechukua fonti ya Baskerville. Kabla hajachapa kitabu chake cha kwanza mwaka 1757, John Baskerville wa Birmingham alikuwa mwalimu wa mwandiko na alichonga maandishi ya makaburi, na mkono huo bado unaonekana. Mstari unanenepa na kukonda taratibu, na kile kikia cha chini, ncha ndogo miguuni mwa herufi, kinaungana na nguzo kwa mkunjo laini. Cha Bodoni kimekatwa ghafla, kimelala kama kilivyo. Waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walionakili misahafu kwa mkono wangeuelewa mstari wa Baskerville mara moja. Ni kweli, zama zake wapo waliomlaumu kwamba herufi zake zinaumiza macho. Hawakuwa wameiona Bodoni ya fotokopi.

Na kama shida ni pesa, fonti ya Gentium ya Victor Gaultney ni ya bure, tena ilichorwa kwa kuzifikiria lugha nyingi zinazotumia herufi za Kilatini, si za Ulaya peke yake.

Ndugu zangu mnaoandaa kijitabu kijacho, kabla ya kulipia nakala zote toeni fotokopi ya ukurasa mmoja. Mpelekeeni mama yeyote wa Mkomani au Langoni aliyezoea tenzi, asome kwa sauti. Akikwama, badilisheni fonti, na saizi isishuke chini ya 12. Mkinipa maandishi mapema, nitawapangia kurasa zote bila malipo.