Eti tajiri haibi: watu wa Dar na Trump wenu

Mi naishi Houston, miaka inaenda, na kila nikija Dar kuna kitu kinanichosha kuliko foleni ya Ubungo, nacho ni kukuta watu wazima na akili zao wanamsifia Donald Trump utadhani aliwahi kuwalipia ada. Kinyozi anamsifia, bodaboda anamsifia, shemeji yangu anayeuza spea Ilala ndo usiseme, ukimgusa Trump wake mnakosana mpaka kwenye chakula. Na sababu ni zile zile, anasema ukweli hapepesi macho, ni mwanaume kweli kweli hatishwi na mtu, na ni tajiri tangu zamani kwa hiyo hana haja ya kuiba. Hizo mbili za kwanza ntazipitia fasta, hii ya tatu ndo imenifanya niandike maana nimegundua hatumzungumzii hata Trump, tunazungumza namna tunavyopima viongozi wetu wenyewe.

Haya, ukweli. Januari 2018 iliripotiwa kwamba kwenye kikao Ikulu ya kwao aliziita nchi za Afrika kwa neno la chooni. Akakana. Seneta Dick Durbin aliyekuwa humo humo ndani akatoka akasema hapana, nimelisikia kwa masikio yangu. Sasa huyu ndo msema kweli, alilosema mwenyewe kalikana, na sisi tulioitwa hivyo ndo tunampigia makofi. Uanaume je? Wakati wa vita ya Vietnam aliahirishiwa kwenda jeshini mara 5, mara 4 kwa sababu ya masomo na mara moja kwa sababu ya tatizo la kisigino. Kisigino jamani! Si dhambi, vita ile wengi waliikwepa, ila mtu huyo huyo mwaka 2015 akasimama jukwaani akamdharau Seneta John McCain, aliyekaa mateka huko Vietnam zaidi ya miaka 5, akasema yeye anawapenda wale ambao hawakutekwa. Mwaka huo huo ipo video anarusharusha mikono kumwigiza mwandishi wa habari mwenye ulemavu wa mkono, baadaye akasema hakuwa anamkejeli. Ukifanya hivyo mbele ya watu pale Tandika bibi yeyote aliyekaa barazani atakuuliza umelelewa na nani.

Sasa twende kwenye hela.

Magomeni Mapipa kuna kijiwe cha kahawa naendaga nikiwa likizo, kuna mzee mmoja hapo namheshimu sana, mtu wa draft, kete haziinui mpaka amalize kusema. Akaniambia, "Mwanangu, mtu ana ndege yake, ana maghorofa yake, hata mshahara wa urais kakataa, aibe ili iweje?" Kijiwe kizima kikacheka, mmoja akanisogezea kashata kama pole. Na hoja ni nzuri, siidharau, maana hapa kwetu tunamjua kiongozi anayeingia na suruali moja anatoka na sheli tatu, kwa hiyo tumejijengea imani kwamba aliyeshiba hawezi kudokoa.

Ila tuanze na hiyo shibe yenyewe. Baba yake, Fred Trump, alikuwa mjenzi mkubwa wa nyumba New York, na gazeti la New York Times mwaka 2018 lilichimba likaonyesha kwamba mtoto alipitishiwa kwa baba, tangu utotoni, zaidi ya dola milioni 400 kwa thamani ya hela ya leo. Biashara zake zimekwenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi mara 6, ikiwemo kasino ya Taj Mahal ya Atlantic City iliyofunguliwa 1990 na mwaka uliofuata tu ikawa hoi. Kasino bana, biashara ambayo mteja anakuja mwenyewe kukuachia hela! Kulikuwa na kitu kinaitwa Trump University, si chuo kikuu wala nini, semina za kufundisha biashara ya nyumba na viwanja, wanafunzi wakalalamika wametapeliwa akakubali kulipa dola milioni 25 kumaliza kesi siku 10 tu baada ya kushinda uchaguzi wa 2016. Taasisi yake ya hisani nayo ilifungwa, na 2019 jaji akaamuru alipe dola milioni 2 kwa kuwa hela za sadaka zilitumika kwa maslahi yake ya kisiasa.

Kodi ndo imenikaa rohoni. New York Times hao hao mwaka 2020 walipata kumbukumbu zake za kodi, wakaandika kwamba mwaka 2016 na mwaka 2017 alilipa kodi ya mapato ya serikali kuu dola 750 kila mwaka. Yeye alikana, akasema amelipa mamilioni. Sawa. Mi nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, nageuza watu kitandani, nabadilisha mashuka, nikipata hati ya malipo kila wiki mbili kuna mstari wa makato ya serikali kuu, na huo mstari unaivuka 750 mapema tu kabla hata joto la Texas halijachanganya. Halafu naambiwa na mtu wa Sinza kwamba yule ndo mchapakazi anayewatetea wavuja jasho.

Na hapa niseme kitu cha Marekani ambacho natamani tungekuwa nacho. Nyumba yake binafsi juu ya Trump Tower alikuwa anaiandika kwenye hesabu zake kwamba ina futi za mraba 30,000, kumbe ni 10,996. Ni yule dalali wa Chanika anayekuonyesha kiwanja mpaka kwenye mwembe wa jirani, ukija na mtu wa vipimo unakuta mwembe haumo. Haya hatukuyasikia kijiweni, yamo kwenye hukumu, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alimshtaki, wahasibu wakaitwa, karatasi zikawekwa mezani mtu yeyote akasoma, mi mwenyewe nimesoma kurasa kadhaa kwenye simu wakati wa mapumziko saa nane usiku. Faini ya mamia ya mamilioni ya dola aliyopigwa 2024 ilifutwa na mahakama ya rufani Agosti 2025, ikaonekana imezidi, lakini ile kwamba alidanganya kwenye hesabu haikufutwa. Na Mei 2024 wazee wa baraza 12 wa New York wakamtia hatiani kwa makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara ili kuficha hela ya kumnyamazisha mwanamke, akakata rufaa, adhabu hakupewa yoyote, lakini hatiani alitiwa. Rais mstaafu! Hebu nitajie kwetu hapa... basi tuache, mama yangu anakaa Tabata na mimi bado nataka kuja krismasi.

Tena kwa kinga ya rais Wamarekani ndo wametufuata sisi. Katiba yetu ibara ya 46 inamlinda rais asishtakiwe jinai akiwa madarakani, na hata akitoka asishtakiwe kwa aliyoyafanya kama rais. Julai 2024 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikaja na uamuzi wa kumpa rais wao kinga ya namna hiyo kwa mambo ya kiofisi. Nilivyosoma nikasema karibuni sana, kiti kile pale.

Turudi kwa mzee wangu wa draft. Aibe ili iweje? Mzee, haibi kwa kufungua droo usiku. Anayo duka, na wateja wa duka ni serikali za watu. Hoteli aliyokuwa nayo Washington mpaka 2022, ile ya jengo la zamani la posta, jengo ni la serikali yeye alikodi, mkataba ukasema kiongozi wa kuchaguliwa asinufaike nao, akawa rais na akaendelea nao. Yaani mpangaji ni yeye na bosi wa mwenye nyumba ni yeye. Mabalozi na wajumbe wa nje wakija Washington walikuwa wanalala wapi? Wademokrati wa bungeni, chama pinzani kwake, walipata sehemu tu ya hesabu za biashara zake wakatoa ripoti Januari 2024, angalau dola milioni 7.8 ziliingia kwenye hoteli na majengo yake kutoka serikali za nchi 20 kwa miaka miwili tu ya kumbukumbu walizopata, China ikiongoza. Katiba yao inakataza rais kupokea kitu kutoka serikali ya nje bila ruhusa ya Bunge, watu wakafungua kesi, kesi zikazungushwa mpaka muda wake ukaisha, 2021 ile Mahakama Kuu kabisa ikasema zimepitwa na wakati. Kwa hiyo kufuli lilikuwepo, wa kulifunga ndo hakuonekana.

Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza, mazoezi. Mkwewe Jared Kushner, aliyekuwa anashughulikia Mashariki ya Kati akiwa Ikulu, alitoka ofisini na haukupita mwaka mfuko wa serikali ya Saudi Arabia ukampa dola bilioni 2 azizungushe kwenye kampuni yake mpya. Januari 2025, siku 3 kabla ya kuapishwa, Trump akatoa sarafu yake ya mtandaoni yenye jina lake, sarafu ambayo haifanyi kazi yoyote zaidi ya kununuliwa. Mei akawaalika walioinunua kwa wingi chakula cha jioni kwenye klabu yake ya gofu karibu na Washington, na kinara wa wanunuzi akawa Justin Sun, mfanyabiashara mzaliwa wa China, ambaye alikuwa na kesi ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani na miezi michache kabla kesi hiyo ilikuwa imesimamishwa. Sisemi kimoja kilinunua kingine, sina ushahidi na sitaki kesi. Nasema ndo maana rais hatakiwi kuwa na duka, maana ukishakuwa nalo hata ukitenda haki hakuna atakayekuamini. Mwezi huo huo Qatar wakatoa ndege, Boeing 747 ya thamani inayotajwa dola milioni 400, itumike kama ndege ya rais, na mwenyewe akasema ni ujinga kukataa zawadi. Sasa ule mshahara anaosifiwa kuukataa ni dola 400,000 kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe, ndege hiyo ni mishahara ya miaka 1,000.

Kuhusu Urusi nitatenda haki pia. Uchunguzi wa Robert Mueller, mchunguzi maalum aliyepewa kazi ya kuangalia Urusi ilivyoingilia uchaguzi wa 2016, haukuthibitisha kwamba kampeni yake ilikula njama na serikali ya Urusi, wanaosema imethibitishwa wanaongeza chumvi. Kilichothibitishwa ni kwamba mwanasheria wake, Michael Cohen, alidanganya Bunge kuhusu mpango wa kujenga Trump Tower Moscow, mpango uliokuwa unazungumzwa mpaka katikati ya 2016 huku bosi anagombea na anawaambia watu hana biashara Urusi. Duka tena.

Na kinachoniuma kama Mtanzania ni kwamba sisi hili tulishalijua. Azimio la Arusha, 1967, sharti za uongozi: asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nyumba ya kupangisha! Mwalimu na wenzake walikaa wakaona kwamba mpangaji wa kiongozi ni mtu mwenye namba ya simu ya kiongozi. Marekani tajiri kote huko haijawahi kuwa na kitu kikali hivyo, hata sheria yao ya mgongano wa maslahi inayowabana watumishi wa serikali kuu rais haimo. Najua mtasema Azimio lilituletea foleni za sukari na sabuni, na ni kweli, mama alizipanga, sitetei habari ya kutaifisha mpaka mashine za kusaga. Nazungumzia zile sharti za viongozi tu. Mwaka 1991 likaja Azimio la Zanzibar zikalegezwa, ruksa, na tukabaki na fomu za Sekretarieti ya Maadili ambazo viongozi wanajaza kila mwisho wa mwaka, ila mwananchi kuiona iliyojazwa hiyo ni shughuli ya kutafuta presha.

Kwa hiyo mtu wa Dar anapomsifia Trump kwa sababu ni tajiri, anatuandalia na sisi mgombea wa hivyo hivyo, na mnaona wenyewe siku hizi kigezo cha jimboni ni nani ana magari na nani kachimba visima kwa hela yake.

Halafu hata hamtakiwi. Januari 2020 alitutia kwenye orodha, Watanzania wakafungiwa bahati nasibu ya green card mpaka Biden alipoingia akaifuta amri 2021, na Desemba 2025 katutia tena kwenye nchi zilizowekewa vikwazo vya viza. Mwaka 2003 George W. Bush, Republican mwenzake, alianzisha mpango wa dawa za ukimwi uliookoa watu wengi hapa kwetu, alipokuja Dar 2008 akina mama walivaa vitenge vyenye sura yake. Obama tumempa mpaka barabara ya baharini. Huyu wa sasa siku aliyoapishwa, 20 Januari 2025, alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, mpango huo nao ukatikiswa. Na kijana wa Kinondoni bado kabandika picha yake kwenye bajaji, hiyo hapana, mi nimeshindwa.

Mtakaotaka kunitukana karibuni, shemeji najua utakuwa wa kwanza. Ila ukimaliza kutukana nijibu kuhusu ile hoteli: miaka ile balozi wa nchi yenye shida na Marekani akifika Washington na begi lake, unadhani alikuwa anakwenda kulala ya jirani?